Mpango wa biashara hauuzi kuku

Somo la ujasiriamali limeshakuwa jambo la kawaida katika shahada za biashara za vyuo vyetu, na mara nyingi linaishia pale pale. Wanafunzi wanagawanywa vikundi, wanaandika mpango wa biashara, wanauwasilisha mbele ya darasa wakiwa wamevalia suti, wanapewa alama. Aliyewahi kusahihisha maandiko hayo anaujua mradi wa kuku wa nyama. Vifaranga ni 500, vifo ni asilimia 5, chakula hakipandi bei kwa miaka mitatu, na siku ya kuuza kuku wote wanaondoka kwa bei iliyoandikwa. Hesabu imenyooka. Lakini mfugaji yeyote wa Kibaha atakwambia kwamba hela ya kuku hupatikana au hupotea kuanzia wiki ya tano au ya sita, pale kuku anapoendelea kula bila kuongeza uzito wa kulipia anachokula. Mchuuzi anayekuja na matenga naye analijua hilo, kwa hiyo hana haraka. Kesho bei itakuwa imelegea. Siku hizo mbili tatu za kuvutana ndizo biashara yenyewe, na kwenye andiko hazimo.

Somo hili libaki, ila alama zake zitoke kwenye biashara ndogo iliyofanyika kweli, kwa mtaji unaodaiwa. Ushahidi upo, tena wa Afrika. Tunisia waliwahi kuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuandika mpango wa biashara badala ya tasnifu, wakisaidiwa na maprofesa pamoja na washauri kutoka sekta binafsi, na watafiti wakawafuatilia kwa kuwalinganisha na wenzao waliokosa nafasi hiyo kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja, kiwango cha waliojiajiri kilipanda kwa pointi chache tu za asilimia, kati ya 1 na 4, na idadi ya wenye kazi kwa jumla haikubadilika. Msaada wote ule, matunda kiduchu. Uganda walipita njia nyingine. Katika mafunzo ya wiki 12 yaliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuphana cha Ujerumani, vikundi vya wanafunzi vilipewa mtaji wa kama dola 100 na kutakiwa kuanzisha biashara mafunzo yakiwa yanaendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliopitia mafunzo hayo walianzisha biashara nyingi kuliko wasioyapitia. Huko Lomé, Togo, utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wafanyabiashara wadogo 1,500 uliona kwamba kuwafundisha watu kuanza jambo wenyewe na kutokata tamaa kulipandisha faida yao kwa asilimia 30, ilhali mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko hayakuleta ongezeko la kutegemewa. Hao wa Lomé hawakuwa wanafunzi, ni kweli, lakini mwelekeo ni ule ule.

Kuna utafiti wa Uholanzi ambao wapinzani wa somo hili wanaupenda. Mwaka 2010 watafiti walieleza jinsi wanafunzi wa chuo walioendesha kampuni ndogo kwa mwaka mzima walivyomaliza wakiwa na hamu ndogo zaidi ya kujiajiri. Mimi siuoni kama pigo. Kijana akigundua kwa mtaji wa kukopa, tena mdogo, kwamba hawezi kuvumilia madeni ya wateja, ameokoa kiinua mgongo cha mzazi wake. Jambo hilo angelijuaje kutokana na mpango aliouandika usiku mmoja?

Pingamizi la fedha halina uzito mkubwa. Darasa la wanafunzi 300 katika vikundi vya watano ni vikundi 60; kwa dola 100 kila kimoja ni dola 6,000, na hata nusu ikipotea chuo hakifilisiki. Zito zaidi ni lile la wasomi, kwamba chuo kikuu si mahali pa kufundishia uchuuzi. Lakini wengi wa wahitimu hawa wataajiriwa, na baadhi yao ndio watakaokaa nyuma ya meza za benki na za halmashauri wakipitia maombi ya mikopo, ikiwemo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa aliyewahi kuhangaika na rejesho lake mwenyewe anausoma mradi wa kuku kwa jicho jingine. Atauliza mnunuzi ni nani na atakuja siku gani.

Kikwazo halisi kiko kwa wahadhiri. Wanapandishwa vyeo zaidi kwa makala wanazochapisha, na anayeshinda akikagua madaftari ya vikundi 60 haongezi hata makala moja. Kazi hiyo ikihesabiwa kama utafiti wa vitendo, watapatikana wa kuifanya. Halafu usahihishaji uangalie vitu vinavyoonekana: daftari la mauzo la kila wiki, miamala ya simu inayolingana nalo, orodha ya wadaiwa, na maelezo ya kwa nini bei ilibadilishwa. Kikundi kilichopata hasara na kikaionyesha yote kwenye daftari kipewe alama ya juu kuliko kilichopata faida isiyojulikana ilikotoka.