Bendera Si Mali ya Chama

Jamani, kila siku ya michezo tunagombania bendera: ya zamani au ya sasa? Tuwatazame Washelisheli. Juni 1977 wafuasi wa France-Albert René walimpindua Rais James Mancham akiwa London, akabaki uhamishoni. Bendera ya uhuru ya 1976 ikaondolewa, ikaletwa iliyofanana na ya chama cha René. Mancham alirudi 1992. Bendera ya 1996 ikabeba rangi za pande zote: buluu na njano za chama chake, nyekundu, nyeupe na kijani za wapinzani wake.

Sisi tunasema: anayetutuma tuchane bendera ya mwenzetu anatutafutia ukimbizi mwingine. Nanyi wa mashirika, timu zipangeni kwa mitaa ya kambi, msizipange kwa bendera.