Kabla hujanunua kitabu cha dinosaria, kitafutie Tendaguru

Kwenye kipindi kilichopita niligusia kidogo tu kisa cha mpwa wangu na kitabu chake cha dinosaria, halafu tukahamia mambo mengine. Mmetuandikia mkiuliza mambo mawili: ilikuwaje, na sasa tununue kitabu gani? Basi leo naandika, maana maswali yote mawili yana jibu moja.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu ana miaka 8, kazaliwa hapa hapa Uingereza kama mimi. Siku yake ya kuzaliwa nikampa kitabu kikubwa, kizito, picha kila ukurasa, jalada linang'aa. Nilikichagua kwa dakika mbili tu. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote kwenye rafu, na bei imeshushwa. Jioni tukampigia mama yangu kwa video. Yeye siku hizi amerudi kuishi Lindi. Mtoto akawa anamwonyesha bibi yake picha moja moja, na alipofika kwa yule mwenye shingo ndefu kama twiga, mama akacheka: "Huyo si mjusi wetu huyo! Katoka Tendaguru, Wajerumani wakambeba."

Mpwa wangu akasoma maneno yaliyo chini ya picha, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Hapana bibi. Kitabu kinasema Berlin."

Mama akanyamaza. Kisha akauliza kama tumeshakula.

Sikuweza kumlaumu mtoto. Shuleni tunafundishwa kwamba ukibishana, lete kitabu. Yeye alileta kitabu, bibi yake alileta maneno ya mdomo, na kitabu kikashinda. Kitabu chenyewe nilikinunua mimi.

Sasa ukweli ni upi? Yule mnyama yuko Berlin kweli, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde. Kiunzi chake kilisimamishwa mwaka 1937, na kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Lakini mifupa yake ilitoka Tendaguru, kilima kilicho bara ya mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alioneshwa mifupa mikubwa iliyotokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji huko chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba ni mamia ya vibarua wa Kiafrika, na wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Haya yote yalifanyika miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, vilivyoacha njaa na vifo vingi sana kusini.

Kwa hiyo mtoto hakukosea, na bibi naye hakukosea. Kilichokosea ni kitabu kilichotaja mahali mnyama aliposimamishwa, kikaruka mahali alipotoka. Kwenye ramani yake Afrika Mashariki nzima haikuwa na hata nukta moja.

Maoni yangu ni haya: usichague kitabu cha marejeo kwa ukubwa wala kwa picha. Kipime kwa kitu unachokijua tayari. Hutaweza kuhakiki habari za dinosaria wa Mongolia au Montana, si ndiyo? Lakini ukikuta kitabu kimeteleza pale unapopajua, una haki ya kushuku na kurasa nyingine. Na sisi tuna bahati, tunapo pa kuanzia. Mimi siku hizi nikiwa dukani au maktaba nauliza maswali matatu.

La kwanza: Tendaguru imo? Fungua kurasa za mwisho, kwenye faharasa, ile orodha ya majina kwa alfabeti. Kama kitabu hakina faharasa kabisa, kirudishe. Hicho ni kitabu cha picha, si cha marejeo. Kama Tendaguru haimo, fahamu kwamba mwandishi ameruka mojawapo ya sehemu muhimu duniani kwa dinosaria wa mwisho wa enzi ya Jurasiki, miaka milioni 150 hivi iliyopita.

La pili: yule mrefu wa Berlin anaitwaje? Mwaka 1914 Janensch alimpa jina Brachiosaurus brancai, akimhesabu kuwa ndugu wa Brachiosaurus wa Marekani. Mwaka 1988 Gregory Paul akapendekeza jina Giraffatitan, na mwaka 2009 Michael Taylor akalinganisha mifupa ya pande zote mbili, akaonyesha kwamba tofauti ni nyingi mno, huyu ana haki ya jenasi yake. Siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Kitabu kikimwita Brachiosaurus bila maelezo yoyote, ama ni cha zamani ama kimenakili cha zamani. Kikikueleza kwamba jina limebadilika na kwa nini, hapo umepata mwandishi anayekuheshimu.

La tatu: je, kinasema tumejuaje? Kitabu kizuri kinakuambia mfupa gani ulipatikana na upi umekisiwa, nani alichimba, na wapi wataalamu bado wanabishana. Mfano mzuri ni Nyasasaurus. Mifupa yake ilikusanywa miaka ya 1930 upande wa Ziwa Nyasa, ikakaa kwenye makabati ya Uingereza, jina likatangazwa rasmi 2013. Ana zaidi ya miaka milioni 240. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote, au ni ndugu wa karibu tu wa dinosaria. Neno "huenda" hapo ni la muhimu sana. Kitabu kinachoandika "ndiye wa kwanza duniani" bila huenda kinatupendelea, lakini bado hakifai.

Najua kuna atakayesema: jamani, ni kitabu cha mtoto, mbona mnaingiza siasa? Kusema mfupa umetoka wapi si siasa. Ndiyo habari ya kwanza kabisa ambayo mtaalamu wa visukuku anaiandika, maana mfupa usiojulikana ulikotoka haumfai. Na nisiwe mwongo, hata sisi tunarekebishwa. Mama anasema mjusi, na huko nyumbani hata wabunge wakidai mabaki hayo husema mjusi wa Tendaguru. Dinosaria si mjusi. Ndugu zake walio hai na wa karibu zaidi ni ndege, kisha mamba. Kuku wa mama anayeparua uani ana undugu naye kuliko yule mjusi wa ukutani. Hilo kitabu cha mpwa wangu kilikuwa nalo sawasawa.

Haya, vitabu gani? Nitataja vitatu, vyote vya Kiingereza.

Kwa nyumba yenye watoto wa miaka 9 kwenda juu, chukua kile cha Thomas Holtz cha 2007, Dinosaurs: The Most Complete, Up-to-Date Encyclopedia for Dinosaur Lovers of All Ages, michoro ya Luis Rey. Kinaeleza sayansi inavyofanya kazi, na wataalamu wengine wameandika vipande vyao ndani yake. Kasoro yake ni umri, waliopewa majina baada ya hapo hawamo. Lakini Holtz ameweka kwenye intaneti, bure, orodha ya nyongeza.

Kwa wewe mkubwa unayetaka kuelewa, kuna Dinosaurs: How They Lived and Evolved cha Darren Naish na Paul Barrett. Hakikupi orodha ya kila mnyama. Kinakupa jinsi walivyokula, walivyokua, na ndege walivyotokea. Mimi ningeanza na hiki.

Kwa anayetaka orodha hasa, spishi kwa spishi, kuna The Princeton Field Guide to Dinosaurs cha huyo huyo Gregory Paul, toleo la tatu la 2024. Kila mnyama ana umri wake na mahali alipopatikana, na wengi wana mchoro wa mifupa ndani ya kivuli cheusi cha mwili. Angalizo: Paul ana msimamo wake kwenye kupanga majina, mara nyingi anaunganisha wanyama ambao wenzake wanawatenganisha. Kitumie, ila kisiwe peke yake. Na kabla ya kununua chochote, azima maktaba kwanza. Ni bure.

Halafu kuna zawadi ambayo ni yetu sisi tu. Tafuta majina haya: Asilisaurus kongwe, wa 2010, ambaye si dinosaria kamili bali ndugu wa karibu. Shingopana songwensis, wa 2017, kutoka Songwe. Mnyamawamtuka moyowamkia, wa 2019, mnyama wa mto Mtuka, ambaye pingili ya mkia wake ina umbo kama la moyo. Asili, kongwe, shingo pana, mnyama, moyo wa mkia. Mwalimu wa mpwa wangu atajiuma ulimi, lakini mtoto wa miaka 8 mwenye Kiswahili cha kuungaunga anayasoma na anajua maana yake.

Tulimpigia tena mama Jumapili. Safari hii mtoto alimsomea Mnyamawamtuka, akamtafsiria kabisa, kana kwamba bibi hajui Kiswahili! Halafu mimi nikamwambia kuhusu Wamweracaudia keranjei, mkia uliochimbwa Tendaguru zama za Wajerumani na kupewa jina hilo mwaka 2019: la kwanza kwa heshima ya Wamwera, la pili kwa heshima ya Mohammadi Keranje, aliyeugundua.

Mama akakaa kimya tena, ila kimya cha aina nyingine. Akauliza: "Huyo Keranje, mtu wa kijiji gani?"

Sikuwa na jibu. Mpwa wangu akachukua kalamu, akaandika swali lile kwenye ukurasa wa ndani wa kitabu kile kile kibaya, chini ya jina lake.