Wimbo Hujaribiwa Wapi Kwanza? Nashville na Kantri ya Majimboni

MIZANI YA UTAMADUNI
Na Zuberi Mnyagatwa

Mjadala kuhusu muziki wa kantri, yaani muziki uliokua miongoni mwa wakulima, wachimba makaa ya mawe na vibarua wa majimbo ya kusini ya Marekani, umezoea kuendeshwa kwa lugha ya ukweli na unafiki. Wapenzi wa wanamuziki huru wa Texas, Oklahoma na Kentucky, wale wasiofungwa na mikataba ya kampuni kubwa za kurekodi, husema kwamba nyimbo zinazotoka Nashville, jiji la Tennessee lenye makao makuu ya biashara hiyo, ni bidhaa za kiwandani zilizong'arishwa hadi zikapoteza roho. Watetezi wa Nashville nao hujibu kwamba wimbo usiowafikia wengi hauna haki ya kujisifu kwa ukweli wake. Pande zote mbili zinatafuta tofauti ndani ya moyo wa mwimbaji, mahali ambapo hakuna awezaye kuingia kuhakiki, ilhali tofauti yenyewe imo katika mpangilio wa kazi: ni nani anayeusikia wimbo kwanza, na ana mamlaka gani ya kuuzuia usifike kwa wengine.

Dai la kwamba kantri iliwahi kuwa muziki safi wa kijijini, ambao soko lilikuja kuuharibu baadaye, halina msingi katika historia. Kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kilianza mwaka 1925 katika kituo cha WSM cha Nashville, na mwenye kituo hicho alikuwa kampuni ya bima iliyotafuta wateja kwa njia ya burudani. Mwaka 1927 Ralph Peer, aliyekuwa akisaka vipaji kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Victor, alisimika mitambo yake Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, na ndani ya juma moja akairekodi familia ya waimbaji ya Carter pamoja na mwimbaji Jimmie Rodgers. Wala muziki huo haukuwa wa watu wa rangi moja, kwa kuwa banjo ina asili ya Afrika, na DeFord Bailey, Mmarekani mweusi aliyepiga harmonika, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa Opry. Fedha, redio na mchanganyiko wa asili vilikuwapo tangu mwanzo, kwa hiyo kantri ya majimboni haiwezi kutetewa kwa hoja ya usafi.

Kilichobadilika baadaye ni namna ya kuzalisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, rock and roll ilipowavuta vijana na kutishia mauzo ya santuri, watayarishaji Chet Atkins na Owen Bradley walijenga mtindo ulioitwa Nashville Sound, ambao uliondoa au kufifisha fidla na stil gitaa, yaani gitaa linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na badala yake ukaweka okestra na waitikiaji wenye sauti laini. Kazi ya studio ilishikwa na kikundi kidogo cha wapiga ala wa kukodiwa, ambao baadhi yao walizoea kuandika kodi za gitaa kwa tarakimu badala ya nota, na ambao waliweza kukamilisha nyimbo kadhaa katika kipindi cha saa tatu bila mazoezi marefu. Ufundi huo haustahili dharau, kwani ndio uliozaa "Crazy" ya mwaka 1961, wimbo ulioandikwa na Willie Nelson, ukaimbwa na Patsy Cline na kutayarishwa na Bradley. Na msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyemfahamu mwimbaji Jim Reeves kupitia redio alikuwa akisikia matunda ya mtindo uleule. Hata hivyo, Reeves alizaliwa Texas, kama walivyozaliwa huko Nelson mwenyewe, Don Williams na Kenny Rogers, hivyo sauti iliyotambulika duniani kuwa ya Nashville ilitokana kwa sehemu kubwa na watu walioletwa na njaa ya kazi kutoka kwingine.

Mng'aro wa Nashville hauelezwi vyema kwa tamaa ya watayarishaji peke yake, kwa sababu nyuma yao amesimama mnunuzi mwenye nguvu zaidi, ambaye ni redio ya kibiashara. Kituo cha redio hakiuzi nyimbo; kinauza masikio ya wasikilizaji kwa watangazaji wa biashara, na kwa hiyo meneja wa vipindi haogopi wimbo usiopendwa sana kama anavyoogopa wimbo utakaomfanya dereva abadilishe masafa. Mamlaka hayo yalijikusanya mikononi mwa wachache baada ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996, iliyofuta ukomo wa vituo 40 ambao kampuni moja haikuruhusiwa kuuvuka nchi nzima, na miaka michache baadaye kampuni ya Clear Channel ilikuwa na zaidi ya vituo 1,200. Mwaka 2003, baada ya mwimbaji wa kundi la Dixie Chicks, akiwa jukwaani London, kumkosoa Rais George W. Bush, kundi hilo liliondolewa hewani na vituo vingi, na kampuni moja ililifuta katika vituo vyake vyote vya kantri kwa uamuzi wa makao makuu. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio alivishauri vituo vipunguze nyimbo za wanawake, akawafananisha waimbaji hao na nyanya chache ndani ya kachumbari. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini methali hiyo huchukulia kwamba mnunuzi amefika sokoni na kuona bidhaa zote. Katika redio ya namna hii, wimbo ambao haukuruhusiwa kupigwa hauna nafasi ya kushindwa wala ya kushinda.

Texas na Oklahoma zilihifadhi utaratibu mwingine. Katika Texas ya kati wahamiaji kutoka Ujerumani na nchi ya Wacheki walijenga kumbi za dansi tangu karne ya 19, na Gruene Hall, uliojengwa mwaka 1878, bado unapokea bendi na wachezaji. Hapo mapato hutokana na kiingilio cha mlangoni na vinywaji, na anayelipa ni mtu aliyekuja kucheza, ambaye hurudi Jumamosi ijayo au harudi. Matokeo yake husikika ndani ya muziki wenyewe: fidla na stil gitaa hubaki kwa kuwa miguu ya wachezaji inavihitaji, bendi hurekodi kwa watu walewale inaosafiri nao kwa kuwa ndio wanaojua pumzi za mwimbaji, na mashairi hutaja barabara na miji midogo bila kueleza iko wapi, kwa sababu msikilizaji wa kwanza anaijua. Texas, kwa ukubwa wake, ina miji ya kutosha kumlisha mwanamuziki asiyevuka mpaka wa jimbo, na ina redio za mahali pamoja na chati yake yenyewe, yaani orodha ya nyimbo zinazopigwa zaidi.

Kaskazini ya Texas, katika mji wa chuo kikuu wa Stillwater jimboni Oklahoma, ulikua mkondo wa Red Dirt, yaani udongo mwekundu, uliopewa jina kutokana na ardhi ya Oklahoma iliyotiwa wekundu na madini ya chuma. Watunzi kama Bob Childers, Tom Skinner na Jimmy LaFave walikuwa nguzo za mkondo huo, na nyumba moja kongwe nje ya mji, iliyojulikana kama The Farm, ilikuwa mahali pa kukutana, kuimbiana nyimbo ambazo hazijakamilika na kusahihishana mbele ya wenzao. Kutoka katika mkondo huo zilitokea bendi kama Cross Canadian Ragweed na Turnpike Troubadours, ambazo zilijenga hadhira kwa safari za barabarani kabla ya redio za kitaifa kuzitambua.

Kuzigawa pande hizi mbili kwa ukuta, hata hivyo, ni kosa, maana njia kati yao imekuwa wazi daima. Garth Brooks, aliyekuja kuwa jina kubwa kuliko yote katika kantri ya Nashville ya miaka ya 1990, alisoma na kuimba katika baa za Stillwater. Willie Nelson, alipochoshwa na studio za Nashville, alirejea Texas mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapata Austin hadhira iliyochanganya wafugaji na vijana wenye nywele ndefu, na mwaka 1975 akatoa Red Headed Stranger, albamu yenye ala chache kiasi kwamba wakubwa wa kampuni yake walidhani ni kazi isiyokamilika. Ilitoka bila kuongezwa kitu kwa sababu mkataba ulimpa yeye neno la mwisho, na mauzo yakawanyamazisha. Mwaka uliofuata Nashville iliuuza uasi huo kama chapa ya biashara, kwa mkusanyiko Wanted! The Outlaws, ambao kwa sehemu kubwa uliundwa kwa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na ambao ulikuwa albamu ya kwanza ya kantri kuthibitishwa kuwa platinamu. Hata Purgatory ya mwaka 2017, albamu iliyomtambulisha Tyler Childers wa Kentucky ya mashariki, ilirekodiwa Nashville kwenyewe, chini ya watayarishaji Sturgill Simpson na David Ferguson. Jiji, kwa hiyo, si adui. Lina mafundi na studio ambazo majimbo yanazihitaji, nalo linahitaji majimbo yalipatie kile ambacho kamati ya watunzi haiwezi kukibuni.

Uadilifu unadai pia kusema kwamba ukumbi wa dansi ni hakimu mwenye upendeleo wake. Hadhira inayojua inachotaka humzoesha mwanamuziki kurudia kilekile, na zipo nyimbo nyingi za Texas ambazo, zikiondolewa majina ya mito, bia na jimbo lenyewe, hubakiwa na kitu kidogo. Majukwaa yake nayo yametawaliwa na wanaume, kama ilivyo redio ambayo wapenzi wa muziki huo huilaani. Ubora wa utaratibu wa majimboni haumo katika busara ya mahakimu wake, umo katika wingi wao, kwani anayekataliwa katika ukumbi mmoja anaweza kujaribu mwingine juma lilelile, ilhali anayekataliwa na makao makuu ya redio amekataliwa nchi nzima.

Intaneti imevunja sehemu ya mamlaka hayo ya redio. Zach Bryan wa Oklahoma, akiwa bado askari wa jeshi la wanamaji, alitoa albamu ya DeAnn mwaka 2019 kwa juhudi zake mwenyewe, na mwaka 2023 wimbo wake na Kacey Musgraves ulishika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya Marekani. Mwaka huohuo Oliver Anthony wa Virginia alifika kileleni hapo kwa wimbo uliorekodiwa nje, kwa gitaa moja. Lakini umaarufu unaogawiwa na programu za kompyuta za kampuni chache nao una makao makuu yake, na haumpi mwanamuziki kile alichokipata aliyepitia kumbi: miaka ya kushindwa mbele ya watu wachache, ambako wimbo hurekebishwa bila gharama kubwa.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa Nashville, kwamba bila kung'arishwa muziki huu usingesafiri, inakanushwa na ushahidi wa Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis, huko Kapkatet nchini Kenya, wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha, jina linalotokana na Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Sauti iliyovuka bahari ilikuwa ile iliyoletwa na Peer kutoka Bristol, kwa sehemu kubwa mtu na gitaa lake, na ilifika kabla Atkins na Bradley hawajaongeza okestra. Kilichoivusha ni usambazaji, na usambazaji unaweza kubeba wimbo mkavu sawasawa na uliopakwa mafuta.

Kinachostahili kulindwa basi si lafudhi wala fidla, vitu ambavyo Nashville inaweza kuviagiza wakati wowote vikirudi katika fasheni. Kinachostahili kulindwa ni kumbi ndogo zinazolipa, redio za mahali ambazo mtangazaji wake anaruhusiwa kuchagua wimbo mwenyewe, mikataba inayomwachia msanii neno la mwisho, na sheria zinazozuia kampuni moja kumiliki masikio ya nchi nzima. Vikiwapo hivyo, Nashville itaendelea kung'arisha kadiri ipendavyo na hakuna atakayedhurika. Visipokuwapo, hata wimbo uliotungwa kwa moyo mweupe kuliko yote utalazimika kumpendeza kwanza mtu ambaye kazi yake ni kuuza matangazo.