Mkimbiaji ni mtu kwanza: vyuo vya Butembo na Beni vijipange

Kivu ya Kaskazini ina wakimbiaji. Mwaka 2016, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio, Makorobondo Salukombo, mtoto wa jimbo hili aliyelelewa Marekani na kukimbilia timu ya chuo cha Denison, alibeba bendera ya Kongo katika marathoni. Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000. Butembo nayo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali pazuri pa mazoezi. Vipaji vipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuwalinda vijana wenyewe.

Katika timu ya chuo, mara nyingi kocha ndiye anayeamua nani asafiri na nani abaki. Ndiyo sababu mwanafunzi anayeumwa goti hunyamaza. Msichana ambaye hedhi yake imekatika hunyamaza zaidi, kwa aibu. Lakini hiyo ni dalili ya hatari: mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata hupunguza homoni, na mifupa hudhoofika. Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani, Mary Cain, alieleza kwamba alishinikizwa apunguze uzito, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Kama hayo yalitokea kwenye timu yenye pesa nyingi, je, kwa mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku?

Hapa kwetu kuna mzigo mwingine. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yameandama eneo la Beni, na tangu Mei 6, 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi. Kijana anaweza kufika uwanjani akiwa hakulala, au akiwa ametoka kuzika ndugu. Kumzungusha uwanja mara kumi kwa sababu amechelewa, bila kumuuliza kilichompata, si nidhamu.

Wapo watakaosema vyuo havina pesa. Ni kweli, lakini mambo ya lazima hayahitaji pesa nyingi. Kila timu iwe na mtu wa kupokea malalamiko ambaye si kocha, na kwa wasichana awe mwanamke. Uamuzi wa kumpumzisha majeruhi uwe wa muuguzi. Watu wasipimwe uzito mbele ya wenzao. Mazoezi yasianze kabla ya kupambazuka, na njia za pembeni ya mji ziepukwe mpaka hali ya usalama ijulikane. Masharti hayo yaandikwe na kusomwa mbele ya timu nzima mwanzoni mwa mwaka wa masomo.

Wazazi wanapowatuma watoto chuoni, wanatarajia warudi na diploma na afya. Medali ikija, ni nyongeza. Wakuu wa vyuo wanaopenda kupiga picha na washindi waanze kwa kuuliza mchezaji aliyeacha timu mwaka jana aliacha kwa nini.