Namba moja ya wawili nayo ni namba moja

Mtahiniwa, ukiambiwa utaje wachezaji watano wa tenisi, yumkini wote utakaowataja ni wale wanaocheza mmoja kwa mmoja. Wa wawili kwa wawili hawatajwi. Zawadi zao za fedha ni ndogo, na mashabiki wengi huwaona kama watu walioshindwa kwingine. Mimi sikubaliani na fikra hiyo, na ushahidi wangu ni Cara Black wa Zimbabwe.

Alizaliwa Harare mwaka 1979. Kaka zake wawili, Byron na Wayne, nao walikuwa wachezaji wa kulipwa. Akicheza peke yake, nafasi ya juu kabisa aliyofika duniani ni ya 31. Si haba, ila ni wangapi wanaoikumbuka? Akicheza na mwenzake, alikaa namba moja duniani kwa wiki 163 na kutwaa mataji 10 ya Grand Slam: matano ya wanawake na matano ya mchanganyiko. Mawili kati ya hayo, Ufaransa 2002 na Wimbledon 2004, aliyatwaa pamoja na Wayne.

Wapo watakaosema kwamba mchezo wa wawili ni mwepesi kwa kuwa uwanja unagawanywa. Lakini uwanja wenyewe hupanuliwa kutoka mita 8.23 hadi 10.97, na mpira hurudi upesi kwa sababu wapinzani husimama karibu na wavu. Cara hakuwa mrefu wala mwenye mapigo mazito. Alikuwa na wepesi wa mkono pale wavuni, na jicho la kuona pengo mapema. Mchezo wa wawili ndio uliozihitaji sifa hizo kuliko mwingine.

Tena alijua kuishi na mwenza. Yeye na Liezel Huber, mzaliwa wa Afrika Kusini, walishinda Wimbledon 2005 na 2007, Australia 2007 na Marekani 2008. Walipoachana mwaka 2010, hakukaa akilia: miezi michache baadaye alitwaa taji la mchanganyiko Wimbledon akiwa na Leander Paes wa India.

Nakuandikia haya kwa sababu karibuni utachagua tahasusi. Wapo wenzako wanaong'ara katika Historia na Kiswahili, lakini watajaza Fizikia ili majirani wasifu (na wazazi, tuseme kweli, huchochea). Kabla hujajaza chaguo la kwanza, yatazame matokeo yako ya moko ukiwa peke yako. Ni masomo gani yaliyokufikisha juu, na ni yapi yaliyokuacha nafasi ya 31?