Baraza ya Wazazi: Mtoto Nyumbani Siku za Likizo

 Siku za kufunga shule zikikaribia, kila mwaka huja mama mmoja au wawili wakaniuliza neno moja: mtoto mdogo tumfanyie nini nyumbani, asije akasahau yote aliyofundishwa? Na wenye watoto ambao hawajaanza shule huuliza: tuanze lini kuwafundisha, na kwa kitabu gani? Leo nitajibu kadiri niwezavyo. Wala sijibu kama mtu aliyefaulu siku zote, bali kama mtu aliyekosa kwanza, akaonyeshwa njia na mwingine.

Mtakumbuka mwaka 2020. Tarehe 17 Machi serikali ya Tanzania ilitangaza shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na shule za msingi hazikufunguliwa hata tarehe 29 Juni. Jirani zetu wa Kenya walingoja zaidi, maana madarasa yao mengi hayakurudi hata tarehe 4 Januari 2021. Wakati ule nalikuwa na mtoto wa kiume, umri wake miaka sita, ndiyo kwanza ameanza kusoma. Nikasema moyoni, Mwanangu hatarudi nyuma. Nikatundika ubao sebuleni, nikanunua chaki, nikaweka kengele mezani. Kila siku tangu saa mbili asubuhi hata saa sita alikaa mbele yangu akisoma silabi, nami nimesimama na kijiti mkononi.

Juma la kwanza alitii. Juma la pili akawa analia kila nikipiga kengele. Juma la tatu kitabu kilipotea, tukakitafuta nyumba nzima. Mwisho nilikiona ndani ya debe la pumba za kuku, amekizika huko kwa mikono yake mwenyewe. Nilimpiga. Naandika neno hili kwa haya, lakini naliandika, kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyefanya hivi.

Jioni ile mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma hata herufi moja, aliniita uani. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu hachukii kitabu, amekuogopa wewe. Niachie siku saba." Nikamwachia, si kwa kuwa nalimwamini, bali kwa kuwa nalikuwa nimechoka.

Asubuhi yake nalikaa jikoni nikisikiliza. Bibi alikuwa akipima mchele, na mtoto ameshika kibaba. Ninyi mwajua ya kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Bibi akamwambia, "Nataka pishi tatu za mchele, tuna wageni. Nitilie." Mtoto akapima, akahesabu kwa sauti, akafika kumi na mbili. Bibi akamwuliza, "Na tukipunguza pishi moja?" Akatoa vibaba vinne, akahesabu vilivyobaki, vinane. Hesabu ile ile nalikuwa nimemwandikia ubaoni siku tatu, naye asiweze. Sasa aliiweza kwa sababu mchele ulikuwa mikononi mwake, na wageni walikuwa wanakuja kweli.

Siku ya nne likatokea jambo nisilolitazamia. Bibi ana minazi yake michache, na majirani huja kumkopa nazi. Yeye hukumbuka baadhi ya madeni, mengine husahau. Mtoto akaja kwangu mbio, akasema, "Mama, 'nazi' huandikwaje? Nataka kumwandikia Bibi, asidhulumiwe." Tangu vita vile vya ubaoni hakuwa ameniuliza herufi hata moja. Nikampa karatasi, akaandika NAZI 5, na chini yake jina la jirani. Akaenda kuibandika mlangoni pa Bibi. Kitabu kikatoka katika debe la pumba, nacho hakikurudi tena.

Basi, wazazi wenzangu, hayo ndiyo niliyojifunza: mtoto mdogo husoma upesi neno ambalo ana haja nalo. Kazi yetu nyumbani si kujenga shule ya pili sebuleni, bali ni kumwita mtoto katika kazi zetu, tena tukiwa na saburi ya kuongea naye.

Neno hili si geni. Askofu mmoja wa Moravia, Johann Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592, aliandika ya kuwa shule ya kwanza ya mtoto ni mapajani pa mamaye, nayo hudumu hata umri wa miaka sita. Na mwaka 1658 akapiga chapa kitabu cha picha kwa watoto, ili waone vitu pamoja na majina yake. Na huko Epworth, Uingereza, Susanna Wesley, mamaye John na Charles Wesley, aliwafundisha watoto wake nyumbani. Alizaa watoto 19, wakakua 10. Desturi yake ilikuwa kutomfundisha mtoto kusoma mpaka atimize miaka mitano, na wengi wao wakajua herufi zote kwa siku moja. Sisemi tufuate kila alilolifanya, maana alikuwa mkali mno kwa watoto. Lakini tazameni, hakufanya haraka.

Sasa nitasema kazi zenyewe, kila mtu achague iliyo karibu naye.

Jikoni. Mpe mtoto kibaba, au kikombe, apime unga. Mwambie agawe andazi moja watu wawili, kisha watu wanne. Hapo amejifunza nusu na robo bila kuambiwa majina yake, nawe umtajie majina baadaye. Aandike sahani kabla ya kula: watu wangapi, sahani ngapi, mbona moja imezidi? Mtoto wa miaka minne aweza kufanya hivi. Lakini moto na mafuta yanayochemka ni kazi ya mkubwa. Mtoto akae mbali navyo.

Shambani. Aotishe kunde tano katika kifuu cha nazi chenye udongo, amwagilie maji asubuhi, na kila siku aweke mstari mmoja kwa mkaa ukutani. Mche ukitokea ahesabu mistari, ndipo atakapojua umengoja siku ngapi. Kifuu kimoja kingine akiweke gizani, atazame tofauti. Akiuliza sababu, msijibu upesi. Mwulizeni yeye aonaje.

Pwani. Sisi tukaao karibu na bahari tuna kitabu kikubwa kilichofunguliwa bure. Maji hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa usiku na mchana mmoja, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Mwekeeni mtoto kijiti mchangani, aone saa ya maji leo na saa ya maji kesho. Kisha mtazame mwezi pamoja naye: ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua hufuata, ukiwa nusu, huja maji mafu. Wavuvi wajua haya tangu zamani za babu zetu, lakini watoto wetu wengi wapita ufuoni wasiyajue, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Tena msimwache mtoto mdogo peke yake majini, hata kama maji yametoka.

Barazani jioni. Hapo ni mahali pa vitendawili na hadithi. Mtoto asemaye "Tega!" na kufikiri nyumba isiyo na mlango hata akakumbuka yai, amefanya kazi kubwa ya akili. Akishasikia hadithi, kesho yake mwambieni amsimulie mdogo wake. Kusimulia kwa mpango, mwanzo kabla ya mwisho, ndiyo mizizi ya kuandika barua na insha hapo baadaye. Nasikitika kuona katika nyumba nyingi siku hizi wakati huu umechukuliwa na simu; baba ana yake, mama ana yake, na mtoto akilia hupewa ya tatu. Sisemi simu ni mbaya; nasema haiwezi kukaa mahali pa babu na bibi.

Na sikukuu nazo zina mafunzo yake, wala tusiziache zipite kwa kula na kuvaa tu. Majilio yana Jumapili nne kabla ya Krismasi. Weka mishumaa minne. Jumapili ya kwanza uwashwe mmoja, ya pili miwili, mpaka yote. Mtoto asiyejua kalenda ataona kwa macho yake ni Jumapili ngapi zimepita na ngapi zimebaki, naye atajifunza kungoja, ambalo ni somo gumu hata kwetu wakubwa. Watoto na wafinyange kwa udongo hori, na kondoo, na ng'ombe, huku mkiwasimulia habari ya kuzaliwa Bwana. Na siku ya kununua nguo, hesabuni pamoja nao fedha iliyopo, wajue kwa nini huyu amepata viatu na yule atangoja. Mtoto aliyeonyeshwa mkoba wa nyumba hudai kidogo kuliko aliyefichwa.

Pasaka nayo huhama kila mwaka, na watoto huuliza sababu. Waambieni: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu uangukao tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, na mwaka 2025 ikawa tarehe 20 Aprili. Mtoto aliyekwisha kutazama mwezi ufuoni atafahamu mara moja, na aliyefahamu atamweleza mwenziwe kwa furaha.

Lakini yako mambo matatu ya kujihadhari. La kwanza, kumfundisha mtoto kwa kazi si kumfanya mtumishi. Kazi ikizidi nguvu zake, au ikimnyima kucheza na kulala, si somo tena. La pili, msiwaite wasichana jikoni na wavulana shambani tu. Mvulana naye ale alichokipika, na msichana naye ajue bei ya mbegu. La tatu, mtu asiseme, "Kama nyumba ni shule, mwanangu hana haja ya mwalimu." Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 zote huwalazimisha wazazi kuwapeleka watoto shule ya msingi, na hata pasipo sheria, mwalimu anayo mengi ambayo sisi hatunayo. Sisi twalima udongo, mwalimu apanda. Udongo usiolimwa humchosha mpanzi.

Nanyi walimu, nawaomba neno moja. Mkifunga shule, msiwape watoto wadogo kurasa nyingi za kunakili, ambazo ndugu zao wakubwa huwaandikia usiku wa kuamkia kufungua. Wapeni kazi tatu za nyumbani: kupima kitu, kusikia habari kwa mzee mmoja, na kumwandikia mtu barua. Siku ya kurudi waulizeni walichokiona. Mtajua mara moja nyumba ipi imeongea na mtoto wake.

Habari ya barua yanikumbusha nimalizie habari ya kwetu. Krismasi ya mwaka ule ule Bibi alimwita mjukuu wake, akamwambia alete karatasi. Alikuwa na dada yake Pangani, nao walikuwa wamekosana kwa sababu ya mgawanyo wa shamba, na miaka mingi hawajapelekeana salamu. Bibi asingekubali kuniambia mimi niandike, wala mwanawe, kwa kuwa tungeyajua maneno yake. Lakini kwa mtoto hakuona haya. Walikaa jioni mbili kwa mistari mitano. Mtoto alikuja kwangu mara tatu kuuliza maneno. Mara ya mwisho aliuliza, "Mama, 'nisamehe' huandikwa kwa s moja au mbili?" Nikamwambia moja, nikarudi kwenye chungu changu, nisimwulize kitu.

Majibu yalikuja mwezi wa Januari, yameandikwa na mjukuu wa upande wa pili, kwa herufi kubwa zisizolingana. Mtoto wangu ndiye aliyemsomea Bibi, kidole chake kikifuata kila neno. Mara kwa mara alikwama, na Bibi akangoja. Sikupata kumwona akingoja hivyo kwa mtu mwingine yeyote.

Wapendwa, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Likizo hii chagueni kazi moja tu kati ya hizi nilizozitaja, mwifanye kila siku kwa majuma mawili, wala msiogope kama mtoto atakosa. Na kama yuko mzee nyumbani, mwacheni mtoto akae naye kitako, hata kama mzee yule hakuingia shuleni kamwe.

Mwezi ujao, nikijaliwa, nitasema habari ya watoto wanaogugumia, na jinsi ya kuwasikiliza. Kaeni na amani katika nyumba zenu.

Ni mimi mwenzenu,
Mama wa Barazani