Utapeli kwa Mtalii Hauishii kwa Mtalii

Kuna jambo Watanzania wengi tunaliamini na tunalisema hadharani bila aibu: mtalii akitapeliwa, hakuna aliyeumia. Ana fedha, ana bima, kesho anapanda ndege. Laki tatu zake zimebaki nchini na kijana wa watu amepata mlo. Ukibisha utaambiwa wajinga ndio waliwao. Na mtalii huyo akienda polisi anaikuta imani hiyohiyo ikimsubiri kaunta. Anapewa namba ya taarifa, RB, anagongewa muhuri, anaambiwa pole sana, na kila aliyepo pale anajua kwamba habari imeishia hapo.

Imani hii ni ya uongo, na gharama yake tunailipa sisi kabla ya mgeni.

Tuanzie mlimani, Kilimanjaro, maana huko hesabu ziko wazi. Kwa mgeni asiyetoka Afrika Mashariki, viwango vilivyotumika kwa miaka mingi ni dola 70 kwa kila siku anayokuwa hifadhini, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji kwa safari nzima. Anayepanda kwa njia ya Machame kwa siku 6 analala kambini usiku 5. Jumlisha 420, 250 na 20, unapata dola 690. Weka VAT ya asilimia 18, unafika 814. Hapo bado hujanunua hata kilo moja ya mchele. Hujalipa gari la kwenda getini, hujamlipa kiongozi wa safari, mpishi, wala wagumu wanaobeba mahema, majiko na mabegi, na mgeni mmoja huhitaji wagumu watatu au zaidi. Sasa anatokea mtu stendi ya Moshi, au kwenye tovuti yenye picha nzuri za theluji ya Kibo, anamwambia mgeni kwamba safari hiyo nzima, kila kitu ndani, ni dola 900. Zimebaki dola 86 za kulisha, kusafirisha na kulipa watu wote hao.

Bei kama hiyo ina maana moja kati ya mbili. Ama safari haipo, na mgeni atafika getini akute jina lake halijulikani na simu ya aliyepokea fedha haipatikani. Ama safari ipo, na pengo litazibwa na wagumu. Watalipwa nusu, au wataambiwa wasubiri bakshishi ya mgeni ndiyo iwe mshahara wao. Watarundikana kwenye hema moja lililochoka, kwenye baridi ya kambi ya Barafu, wakila mara moja kwa siku. Kikomo cha mzigo ni kilo 20 na mizani ipo getini, lakini mwajiri aliyekwisha kula fedha za safari hutafuta njia ya kupunguza idadi ya wabebaji, na mzigo wa aliyeachwa chini unahamia kwa wenzake. Huyo anayeumia ni mtoto wa Kibosho, wa Marangu, wa Old Moshi. Wizi ulioanza kwa mgeni umemfikia yeye, na hakuna mahali popote ulipoandikwa.

Yupo mwingine anayeumia na ambaye hatumtaji: mwenye kampuni ndogo ya safari aliyekata leseni ya biashara ya utalii (TALA), anayelipa kodi, anayelipa wagumu wake kiwango kilichokubaliwa, na ambaye kwa hesabu za haki hawezi kushusha bei yake kufika dola 900. Anashindana na mtu asiye na ofisi. Kila tapeli anayeachiwa anamsogeza mwenzetu huyu karibu na kufunga duka. Tunapochekea utapeli kwa sababu aliyeibiwa ni mgeni, tunamchekea mwizi anayemuua mfanyabiashara wetu mwaminifu.

Turudi kwenye ile habari ya kwamba mgeni ana fedha. Mgeni yupi? Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8. Kundi hilo lina matajiri wa hoteli za Serengeti zenye bei ya kutisha, lakini lina pia wauguzi na walimu kutoka Poland wanaojaza ndege za kukodi kuja Zanzibar kwa akiba ya miaka. Lina Wakenya wengi sana, majirani zetu, wanaopita Namanga na Horohoro wakiwa na familia zao kwenye basi. Na zaidi ya watalii kuna wageni wa aina nyingine wanaopita njia zilezile na kuangukia mikono ileile: mfanyabiashara kutoka Lubumbashi au Lusaka aliyekuja Kariakoo na mtaji wote wa duka lake kwenye begi, akapelekwa na "mwenyeji" kwenye stoo isiyo yake. Huyo hana bima. Laki tatu kwake ni ada ya shule.

Tujiweke sisi pale. Watanzania wangapi wamefika Guangzhou au Dubai kununua bidhaa, wakalipia kontena ambalo halikuwahi kupakiwa? Wazee wangapi waliuza shamba ili waende Hija, wakakuta wakala aliyepokea fedha zao hana viza wala tiketi? Mtu wa namna hiyo anapoingia kituo cha polisi anataka kitu kimoja, kwamba aliyekaa nyuma ya meza amwone kuwa binadamu aliyeibiwa. Tunachokidai tukiwa ugenini hatuwezi kumnyima aliye ugenini kwetu.

Nisieleweke vibaya kuhusu bei. Muuza vikoi wa soko la Darajani, Unguja, anayeanza na shilingi elfu 40 na kushuka hadi 25 hajamtapeli mtu. Hiyo ni biashara, mnunuzi ana mdomo na miguu, atabishana au ataondoka. Utapeli ni kuuza kisichokuwepo, au kusema uongo ili utoe fedha mfukoni mwa mtu: safari ya kisiwa cha Changuu kwa boti isiyokuja, tiketi ya kughushi bandarini, chumba cha hoteli ambacho mwenye hoteli hajui kama kimeuzwa, noti za kubadilishwa zinazokunjwa na kuhesabiwa mbele ya macho yako na bado zikapungua. Kwa Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaliita jambo hili kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Sheria haikuweka mahali popote kwamba mwenye mali akiwa na pasipoti ya nje kosa linapungua.

Hapo ndipo tunapoambiwa kwamba hata polisi wakitaka, hawawezi. Shahidi anaondoka Jumapili, kesi itasikilizwa na nani? Nimesikia hoja hii kwa maofisa, kwa mawakala wa safari, na kwa watalii wenyewe walioambukizwa. Haisimami. Sheria ya Ushahidi ya Bara, Sura ya 6, inaruhusu maelezo ya maandishi ya shahidi aliye nje ya nchi yapokelewe mahakamani iwapo kumwita si jambo linalowezekana kwa kawaida. Yako masharti: maelezo yatiwe saini, yabebe tamko la mtoa maelezo kwamba anajua anaweza kushtakiwa akisema uongo, na upande wa pili upewe nakala mapema na usilete pingamizi. Kwa hiyo mengi yanategemea saa moja ya kwanza pale kaunta. Ofisa akiandika maelezo kamili siku hiyohiyo, kwa mkalimani inapobidi, ameokoa kesi. Akiandika mistari minne na kutoa RB, ameiua kabla mgeni hajafika uwanja wa ndege. Na upande wa pili ukipinga, mahakama zetu zimekwisha kuzoea kumsikiliza mtu aliye mbali kwa njia ya video tangu wakati wa korona.

Wanasema pia kwamba matapeli hawapatikani. Tangu mwaka 2020 hakuna laini ya simu halali nchini isiyosajiliwa kwa alama za vidole. Mtu aliyepokea fedha ya mgeni kwa simu ameacha jina, namba ya kitambulisho cha NIDA na kidole chake kwenye mfumo. Akitumia laini ya mtu mwingine, mwenye laini anajulikana na anatakiwa aeleze. Aliyepokea kwa benki ana akaunti. Anayedai amelipia ada za hifadhi anapaswa kuwa na control namba ya serikali, na control namba inakaguliwa kwa dakika chache. Matapeli hawa huacha nyayo nyingi kuliko mwizi wa kuku, na mwizi wa kuku tunamkamata.

Na ni walewale. Yule anayeuza safari hewa kwa Mjerumani leo, kesho yuko kwenye simu ya mama yako akimwambia ile hela atume kwenye namba hii. Hakuna tapeli mwenye maadili ya kuchagua wageni tu. Anaanza na mgeni kwa sababu amejifunza kwamba mgeni hana wa kumtetea, akishapata uzoefu anarudi mtaani kwetu.

Kinachonisikitisha zaidi ni ule utaratibu wa kumalizana. Mgeni analalamika kituoni, kijana anaitwa, anarudisha nusu ya fedha, mgeni anashukuru kwa machozi, jalada halifunguliwi. Kila mmoja anaondoka akiona haki imetendeka. Jioni kijana yuleyule yuko Forodhani akitafuta mwingine, sasa akijua bei ya kukamatwa kwake: nusu ya alichochukua, pengine na kidogo cha kuwashukuru waliompatanisha. Ndugu wa karibu wa utaratibu huu ni ule mtindo wa kumpa aliyeibiwa fomu ya kupotelewa na mali. Fomu hiyo inatosha kumlainisha mtu wa bima huko Ulaya. Lakini mali iliyopotea haina mwizi, na kituo kinachoandika wizi kama upotevu kinajifutia uhalifu wake chenyewe. Baada ya hapo tutashangaa vipi kwamba takwimu zetu zinaonyesha utulivu?

Wapo watakaosema: mwananchi anasubiri miezi kituoni kwa kesi yake, wewe unataka mzungu apewe kiti cha mbele? Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu malalamiko yaliyo ndani yake ni ya kweli. Lakini kumbuka dawati la jinsia na watoto. Kabla halijawekwa vituoni, mwanamke aliyepigwa na mumewe aliambiwa arudi nyumbani wakayamalize, na wengi waliona hivyo ndivyo ilivyo. Dawati halikumwondolea haki mtu mwingine yeyote. Lilikubali kwamba kuna mlalamikaji ambaye mazingira yake yanahitaji ofisa aliyefundishwa na chumba cha kuongelea. Msafiri ni mlalamikaji wa namna hiyo: lugha hana, ndugu hana, muda hana. Arusha tayari kuna kituo cha polisi cha utalii na diplomasia. Kenya ina kitengo cha polisi wa utalii. Thailand ina polisi wa watalii wanaopatikana kwa namba 1155, na mwaka 2013 ikafungua Pattaya mahakama maalumu ya mashauri ya watalii, ili shauri liishe kabla ndege haijaondoka. Hizi si nchi zinazopenda wageni kuliko raia. Zimeelewa kwamba shahidi anayeondoka anahitaji kusikilizwa upesi.

Nina woga mmoja, nao ni jinsi tunavyopenda kujibu tatizo hili kwa kamatakamata. Malalamiko yakizidi, mara nyingi linapita gari ufukweni na kubeba kila kijana mwenye rasta. Papasi wengi wa Nungwi na Mji Mkongwe ni vijana wasio na ajira wanaotafuta kamisheni ya kumpeleka mtu mgahawani. Wanaudhi, wanang'ang'ania, lakini hawajamwibia mtu. Wanalala ndani siku mbili na kutoka na hasira. Mwenye tovuti ya kampuni hewa, anayekula dola 900 za watu kumi kwa mwezi, hayuko ufukweni. Yuko nyumbani kwake na kompyuta. Msako haumfikii. Jalada lenye namba ya simu, namba ya akaunti na maelezo yaliyotiwa saini linamfikia.

Makamanda wa polisi wa Arusha, Kilimanjaro, Dar es Salaam na Unguja hawahitaji sheria mpya wala mkopo wa Benki ya Dunia kuanza. Wanahitaji kuamuru kwamba msafiri yeyote aliyetapeliwa, awe wa Warszawa au wa Lubumbashi, achukuliwe maelezo kamili siku hiyohiyo, na kwamba ofisa anayemalizana kaunta aulizwe jalada liko wapi. Nawe msomaji, ukimkuta mgeni amesimama nje ya hoteli isiyomtambua, na risiti mkononi, usimpe pole ukapita. Mpeleke kituoni, mkalimanie, andikisha jina lako kama shahidi, na usiondoke mpaka jalada limefunguliwa.